Kisicho na Namba Hakipandi Lori

Jumatatu wahamishaji wanakuja, na tangu juzi nafunga vyombo kwa magazeti ya zamani, sahani kurasa mbili, glasi kurasa tatu. Kerrianne, mjukuu wa kaka yangu, ameniletea karatasi ya maelekezo kutoka kwa hao watu wa lori. Zima friji siku moja kabla, acha mlango wake wazi likauke. Droo zifunge kwa utepe. Dawa na vitambulisho weka kwenye mkoba wako mwenyewe. Vizito tia kwenye maboksi madogo, vyepesi kwenye makubwa. Maelekezo mazuri, sina ugomvi nayo. Nilisoma huku natikisa kichwa kukubali, mpaka nilipofika mwisho. Mwisho wameambatisha stika, zimepangwa safu kwa safu, kuanzia moja mpaka mia mbili, na chini wameandika: bandika namba kwenye kila kitu unachotaka tukibebe.

Nikaiweka karatasi mezani, nikaenda kunywa maji.

"Bibi, vipi tena?" Kerrianne akauliza. "Ni stika tu hizo."

"Mjukuu wangu, mimi namba za kuhamia nazijua kabla mama yako hajazaliwa."

Akacheka. Vijana wa siku hizi ukiwaambia la kweli wanadhani unatania. Sikumweleza. Nakueleza wewe, na ukitaka kuamini amini, usipotaka shauri yako. Mimi sisimulii la kusikia. Nilikuwepo, na mikono hii ndiyo iliyosugua.

Ilikuwa mwaka sabini na moja, bondeni kule St. Philip, hapa hapa kisiwani kwetu, dada yangu Uretha alipohamisha nyumba. Nasema alihamisha nyumba, sisemi alihama. Sisi tuliokaa kwenye ardhi ya shamba la miwa, ardhi haikuwa yetu, nyumba ndiyo ilikuwa yetu. Nyumba za mbao hizo, zimekaa juu ya mawe ya matumbawe, hakuna hata msumari mmoja ulioingia ardhini. Mwenye shamba akikuambia ondoka, unaita mafundi wa kazi hiyo. Wanaing'oa ubavu kwa ubavu, paa, sakafu, madirisha, wanapakia kwenye lori, na jioni unalala ndani yake mahali pengine. Uretha alikuwa ameshapata kiwanja chake mwenyewe, huko juu karibu na kanisa. Na barua ya shamba ilikuwa imetoka: Jumamosi saa sita mchana ardhi iwe tupu, kitakachokutwa juu yake ni mali ya shamba.

Sasa nikuambie habari za mumewe, Colvin Boyce. Ni marehemu, ila sitasema Mungu amlaze pema, maana sipendi kumwomba Mungu kitu nisichokitaka.

Colvin alikuwa fundi wa kuhamisha nyumba. Namba za nyumba zote zilizong'olewa bonde lile aliziandika yeye kwa rangi nyekundu, na mkono wake ulijulikana. Nne yake ilikuwa wazi juu, kama kiti kilichopinduliwa, na kila namba aliitia nukta nzito mwishoni, utadhani anamaliza ubishi. Nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Kuku wake, mwavuli wake, mke wake, vyote aliviita "changu" kwa sauti moja. Miaka kumi na tisa Uretha alikata miwa juani amevaa mikono mirefu, na kila mwanamke bondeni alijua kwa nini. Colvin alipokuwa anakata roho, nami nimesimama pale na bakuli la uji, alimshika dada yangu kifundo cha mkono akasema, "Nyumba hii nimejenga mimi. Ikiondoka, naondoka nayo. Utanibeba, Uretha, utake usitake." Akafa Alhamisi moja, kabla ya ile barua. Uretha akamzika vizuri, akarudi nyumbani, akachukua mkasi, akakata mikono ya gauni zake zote.

Kwa hiyo barua ilipotoka, jirani yetu Ismay Pilgrim, mama mmoja wa maneno mengi lakini mwenye moyo, alimwambia, "Uretha, iache tu hiyo nyumba. Jenga kibanda kipya. Ya nini kusumbuana na marehemu?"

"Niache?" Uretha akang'aka. "Yeye alipigilia misumari. Mbao alizibeba nani? Kichwani, kutoka barabarani mpaka hapa, na mimba tumboni! Nyumba ni yangu na naondoka nayo. Colvin abaki na mawe yake."

Basi hilo ndilo lililokuwa linapiganiwa, na sikufichi. Dada yangu alitaka nyumba yake, na aliitaka bila Colvin ndani.

Jumatano alikuja Bwana Skeete, msimamizi wa mafundi, mtu mrefu, mkavu, mwenye penseli nyuma ya sikio. Akazunguka nyumba anagonga mbao, akaingia, akatoa maagizo. Makabati yawe matupu. Mapazia yashushwe. Kitanda kifunguliwe, bolti zake zitiwe kwenye soksi, soksi ifungwe kwenye mguu wa kitanda. Pipa la maji limwagwe. Taa za kioo zifungwe kwa mashuka. Halafu akatoa kopo la rangi nyekundu na brashi.

"Andikeni namba," akasema. "Kila ubavu, kila dirisha, kila kiti. Anzeni na moja. Mimi nina kanuni moja tu, Bi Boyce, na mumeo aliijua. Kisicho na namba hakipandi lori. Chenye namba, hata kiwe takataka, nakifikisha."

"Kanuni nzuri," Uretha akasema, akanitazama kwa jicho la kicheko. "Nimeipenda kanuni hii."

Alhamisi tuliandika kutwa nzima. Mimi nilishika kopo, yeye brashi. Alikuwa anaimba. Meza, nne. Ubao wa kukandia unga, thelathini na moja. Kila kitu cha Colvin alikiruka: kofia yake, viatu vyake vya kanisani, na zaidi ya vyote kiti chake cha kubembea, kiti cha mahogani kilichokaa kando ya dirisha, ambacho hakuna mwingine aliyewahi kukikalia. Hivyo alivitoa nje, akaviweka chini ya mshelisheli. Mwisho kabisa tukaandika mlango. Mia sitini na tatu.

"Imekwisha," akasema, akapangusa mikono. "Mia sitini na tatu, na hayumo."

Nyumba ilikuwa haina kitanda tena, kwa hiyo alikuja kulala kwangu, ng'ambo ya barabara. Kopo na brashi nilikuja navyo mimi, nikavifungia kabatini. Kumbuka hilo.

Ijumaa asubuhi, jua limeshatoka, tulirudi kumalizia kufunga glasi. Uretha akafungua mlango akasimama. Nikamgonga mgongoni.

Kiti kilikuwa mahali pake, kando ya dirisha. Na mgongoni pa kiti, kwa rangi nyekundu, palikuwa pameandikwa: 164.

Nne ilikuwa wazi juu. Mwishoni palikuwa na nukta. Niligusa, na kidole changu kikatoka chekundu.

"Dada," nikanong'ona, "kopo liko kwangu. Nimelifungia."

"Najua."

"Basi ni nani..."

"Najua ni nani. Lete mchanga na majivu."

Tukasugua. Tulisugua kile kiti kwa mchanga, kwa majivu, kwa ndimu, mpaka mbao ikatoka nyeupe. Tukakirudisha chini ya mti. Tukala mkate wa nazi kizingitini, macho yetu kwenye kiti, wala hakusogea mtu. Bwana Skeete akapita kukagua kazi, akaingia ndani, na tukasikia hatua zake zikakoma.

"Bi Boyce," akaita kwa sauti ndogo. "Hiki mmeamua kukibeba?"

Tukageuka kutazama mshelisheli. Chini yake palikuwa patupu. Nilikuwa sijapepesa jicho, naapa kwa kaburi la mama yangu.

Kiti kilikuwa ndani, kando ya dirisha, na namba yake mbichi. Bwana Skeete alikuwa ameivua kofia. Miaka kumi na miwili alifanya kazi na Colvin. Hakuhitaji kuambiwa.

"Huu ni mkono wake," akanong'ona.

"Ni wake."

"Mama, mimi siingilii mambo haya. Lakini kanuni ni kanuni. Chenye namba nikikikuta hapa kesho, nakibeba."

"Hutakikuta," Uretha akasema.

Akakiburura mwenyewe. Nilitaka kumsaidia akanisukuma. Akakitupa katikati ya uwanja, akarundika majani makavu ya miwa, akamimina mafuta ya taa, akawasha kiberiti. Mahogani haiungui upesi. Kilikaa ndani ya moto muda mrefu kimesimama wima, kinapiga kwi, kwi, kwi, kinabembea, na upepo ulikuwa hakuna. Ismay alikuja mpaka kwenye ua, akaona, akarudi kwake anafanya ishara ya msalaba, naye si Mkatoliki.

"Bembea!" Uretha akapiga kelele. "Bembea vizuri, baba, maana ndiyo mara ya mwisho! Ulinichoma kwa pasi, leo nakuchoma kwa kiti chako!"

Mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja. Ilipofika saa kumi kiti kikawa jivu. Tukaenda kulimwagia maji, tukakuta limebonyea katikati, duara mbili kando kwa kando, kama unga uliokaliwa na mtu. Uretha akalitawanya kwa teke.

Jumamosi asubuhi niliketi kizingitini kwangu namsuka, maana alitaka kuhama amependeza. Nilishasuka mistari minne. Nikainua nywele za nyuma, za kisogoni.

Kitana kikaniponyoka.

"Mbona umeacha?" akauliza.

Nikazishika tena zile nywele, nikatazama vizuri.

"Eudene."

"Dada, usigeuke."

Nikasikia anavuta pumzi. Kisha akanong'ona, "Namba gani?"

"Mia sitini na nne."

"Na nukta?"

"Na nukta."

Ilikuwa shingoni, chini kidogo ya ukingo wa nywele. Nyekundu. Imenyooka kama ya mbao. Nikasugua kwa kitambaa cha mafuta ya taa. Nikasugua kwa mchanga. Mwishowe, Mungu anisamehe, nilichukua msasa wa fundi, nikasugua ngozi ya dada yangu mpaka damu ikatoka. Nilipopangusa damu, namba ilikuwa pale pale, chini yake, mbichi.

"Dada, tusiende," nikamwambia. "Tafadhali. Nyumba iende zake."

Akasimama, akajifunga kitambaa cha kichwa, akakishusha mpaka kikafunika kisogo chote.

"Saa sita ardhi ni ya shamba," akasema. "Nikibaki, nabaki naye, na nyumba sina. Nikienda, naenda naye, lakini nyumba ninayo. Basi nakwenda. Huko mbele tutajuana. Na wewe funga mdomo wako, usimwambie hata Ismay."

Saa moja lori likafika. Mafundi sita, nyundo, nyenzo, kamba. Unajua ile kazi inavyokwenda mbio? Paa likashuka. Mbavu zikashuka. Madirisha yakapita mikononi mwa watu. Bwana Skeete alisimama nyuma ya lori na daftari, kila kipande kikipanda anapiga mstari. Saa tano hapakubaki kitu ila yale mawe ya matumbawe, yamepangwa mstatili, na katikati yake udongo mkavu ambao haujaona jua miaka kumi na tisa.

Bwana Skeete akahesabu mistari yake. Akahesabu tena. Akaja kwa Uretha.

"Mlisema mia sitini na tatu."

"Ndiyo."

"Vilivyopanda ni mia sitini na tatu. Nimevihesabu juu ya lori kwa mkono." Akamwonyesha daftari. "Lakini nimepiga mistari mia sitini na nne. Wa mwisho sikumbuki kuupiga."

"Penseli yako imechoka, Bwana Skeete. Twende."

Uretha akapanda mbele, kando ya dereva. Lori likainama upande wake. Dereva akashuka kutazama magurudumu, akakuta yana upepo, akarudi ndani akawasha gari. Dada yangu alikuwa mwembamba kama fimbo ya miwa.

Huko juu wanakijiji walishatungoja. Nyumba ikihamia mahali, watu hawaachi kuja. Kuna ramu, kuna nyama ya nguruwe ya ndimu, kuna ubishi wa bure. Mafundi wakapanga mawe mapya, wakaweka sakafu, wakasimamisha mbavu kwa namba zake, moja kwa mbili, mbili kwa tatu. Ilipofika saa kumi na moja wakatundika mlango, mbao zake mbili, na nyumba ikawa nyumba. Jua lilikuwa bado lipo, la manjano, limelalia ukuta.

Na sasa ndipo penyewe.

Kwetu mtu haingii hivi hivi nyumba iliyotoka kuhamishwa. Anaingia kinyumenyume. Mzuka ukiwa umekufuata kutoka ulikotoka, uko nyuma yako. Ukigeuka ukaingia kwa mgongo, unautazama usoni, unarudi ndani hatua kwa hatua, unaufungia mlango puani. Kila mtoto wa hapa anajua hivyo. Nimeingia hivyo maisha yangu yote kila nikichelewa kurudi, na wewe ungekuwa wa hapa ungeingia hivyo.

"Kinyumenyume, Uretha!" Ismay akapaza sauti, glasi mkononi. "Kwa mgongo, mama! Yule asikufuate!"

"Kwa mgongo! Kwa mgongo!" watu wakaitikia, wakapiga makofi.

Uretha akaenda mpaka kwenye ngazi. Akageuka. Akatutazama wote, kidevu juu. Akapanda kidato cha kwanza kwa kisigino.

Nilikuwa mbele kabisa. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake na ndani hamkuwa na kitu, samani zote bado zilikuwa uwanjani. Sakafu tupu. Hakuna mtu. Nikasikia.

Kwi.

Kimya.

Kwi.

Kando ya dirisha. Mahali pake. Kiti kilichokuwa jivu.

Uretha akapanda kidato cha pili. Kile kitambaa cha kichwa, ambacho alikifunga mafundo mawili mbele ya macho yangu, kikalegea. Hakukigusa mtu. Kikamteremka mabegani, kikaanguka. Shingo ikabaki wazi, imeelekea ndani.

Kwi, kwi, kwi. Haraka sasa.

Ndipo nikaelewa. Wote walidhani Colvin yuko nyuma yake, uwanjani. Hakuwa uwanjani. Alikuwa shingoni. Dada yangu akiingia kwa mgongo, shingo ndiyo inatangulia. Colvin ndiye angeingia kwanza. Angeingia kama mwenye nyumba, amekaribishwa kwa makofi, na Uretha angemfuata.

Kisigino chake kilikuwa juu ya kizingiti.

"Dada!" nikapiga kelele. "Simama! Ingia kwa uso!"

Makofi yakakatika. Watu wakanigeukia.

"Eudene, una wazimu?" Ismay akasema. "Unamtakia nini dada yako?"

"Kwa uso, dada! Geuka! Yuko mbele yako ukienda nyuma!"

Uretha alinitazama. Akapeleka mkono shingoni, polepole. Nikaona uso wake unabadilika. Sikuona hofu. Niliona uso aliokuwa nao siku aliyoshika ule mkasi.

Akageuka, shingo ikaelekea kwetu, na watu wote wakaiona. Mtu mmoja akaangusha glasi. Namba ilikuwa inachuruzika.

"Colvin Boyce," Uretha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu mezani. "Miaka kumi na tisa ulipita mlango kabla yangu. Leo natangulia mimi."

Akaingia kwa uso, hatua moja ndefu, hakugeuka, akarusha mikono nyuma, akavuta mbao zote mbili za mlango. Pwaa!

Na kabla sauti ile haijaisha kukapigwa nyingine. Kishindo, upande wa nje, upande wetu, kama gunia la sukari limetupwa mlangoni. Mlango ukatetemeka. Hatukuona kitu. Vumbi likadondoka kutoka kwenye mabati.

Kisha kimya. Ndani hamkulia kwi tena.

Nilikuwa wa kwanza kupanda ngazi. Kwenye mlango, chini ya mia sitini na tatu tuliyoandika sisi, palikuwa na namba nyingine. Nne wazi juu. Nukta. Rangi inateremka kwenye mbao, mbichi. Nikapitia dirishani, nikamkuta Uretha ameketi sakafuni, mgongo kwenye mlango, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Nikainua nywele zake. Palikuwa na mchubuko wa msasa wangu, basi. Ngozi tupu.

"Yuko nje?" akaninong'oneza.

"Yuko nje."

"Muache huko."

Aliishi nyumba hii miaka thelathini na minane mingine. Ndiyo, hii hii ninayofungia vyombo sasa. Kila Krismasi tuliupaka mlango rangi, kijani, buluu, nyeupe, na kila mwaka kabla rangi haijakauka ile namba ilitoka tena juu. Tulishatumia lami. Ilitoka. Uretha alizoea. Asubuhi akifungua dirisha anamsalimu, "Umelalaje nje huko, baba? Mvua imekunyeshea?" Maji ya kuoshea vyombo aliyamwagia pale pale, kusudi. Hakuolewa tena, lakini alicheza dansi kila Jumamosi, gauni lisilo na mikono, mpaka miguu ilipokataa. Akafa usingizini, akaniachia nyumba. Neno la mwisho la maana aliloniambia lilikuwa, "Usiuondoe ule mlango. Mtu amelala."

Sikuuondoa. Lakini nyumba imeliwa na mchwa, nami nina miaka themanini na miwili, na Kerrianne amenipatia chumba kizuri kwake, ghorofani. Mlango utabaki hapa. Nimeshasema nao: baki na mchwa wako.

Leo mchana nimemaliza kubandika. Nilianza na moja, kwenye sanduku la mashuka. Sikuharakisha. Vitu vya mzee havikosi kuwa vingi. Cha mwisho kilikuwa sufuria la kupikia wali. Mia sitini na tatu. Nikasema, sawa, Eudene, hapo hapo, usiongeze hata kijiko.

Nikaitazama ile karatasi ya stika, nione zimebaki ngapi.

Baada ya mia sitini na tatu inafuata mia sitini na tano. Katikati yake pamebaki karatasi tupu inayong'aa, imebanduliwa stika moja, vizuri, bila kuchanika.

Nikatafuta. Sakafuni, chini ya soli ya kiatu, kwenye mikono ya sweta. Haipo. Nikatoka nje nikautazama mlango.

Mweupe. Msafi. Ile rangi ya Krismasi iliyopita, na hapana kitu juu yake, kwa mara ya kwanza tangu sabini na moja.

Nilikaa kwenye ngazi, nikatoa simu. Kisha nikampigia Kerrianne.

"Mlango wa kwako," nikamwambia, "unafungwaje?"

"Ah, huo usijali, bibi. Una kile kidude cha chuma juu. Unajifunga wenyewe, polepole kabisa, hata ukiusukuma hauna kishindo. Wewe unapita tu."

"Mwite fundi akiondoe. Mimi nataka mlango wa kubamiza."

"Bibi! Kwa nini?"

"Akiondoe kabla ya Jumatatu. La sivyo nakuja na patasi nakiondoa mwenyewe, nimesimama ndani."

Amecheka, akaahidi. Watoto hawa. Patasi nimeshaitia kwenye mkoba wangu, pamoja na dawa na vitambulisho, kama karatasi ilivyoelekeza. Haina namba.

Kioo sijaangalia, wala siangalii. Shingo inaniwasha tangu saa nane mchana, pale chini kidogo ya nywele. Iache iwashe. Jumatatu naingia kwa uso.